Mzee Sastrowignyo, Aliyeapa Mara Moja

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Laweyan, Surakarta. Shule aliishia darasa la sita, mwaka 1954. Mengine alifundishwa na babu yake: kuitambua kris, jambia letu, imefuliwa wapi.

Kazi hiyo aliifanya miaka hamsini. Kwanza aliivua ala na mpini. "Hizo nguo tu, mtu huvaa anachopewa. Tazama bapa." Mwanafunzi akikosea, alimtania: "Umesalimia kofia, mwenyewe kapita!" Na kila jibu alilimalizia kwa neno moja: "Nakadiria."

Mwaka 1968 alimwoa mama yetu, Bi Sumarni wa Klaten. Siku ya arusi alichelewa kuketi kwa sababu alikuwa akiikagua kris ya mkwewe. Mama husema, "Laiti angenikagua mimi hivyo!"

Mwaka 1987 alikuja dada mmoja, Rukmini, aliyeachiwa kris tu na baba yake, akitaka kujua ukoo wake uko wapi. Mpini ulikuwa wa Madura, mzuri ajabu, na Baba alikuwa na haraka ya kwenda arusini. Hakuuchomoa. "Madura. Naapa." Maskini, dada wa watu akatafuta Madura miaka ishirini na tisa.

Oktoba 2016, mwezi wa Suro, ambao kwetu kris huoshwa, aliileta kris yake ioshwe. Baba akachomoa mpini. Bapa lilikuwa la Tuban. Aliandika barua ya kuomba radhi na kumweleza kuwa ni Tuban, akanituma niipeleke pamoja na kris. Kris niliipeleka. Barua niliificha; niliona haya, mji mzima utatucheka. Baba akauliza, "Amesemaje?" Nikamwambia, "Amesema haina neno, Baba."

Februari 2019 alipooza, asiweze kusema. Mwezi Juni nikaipeleka barua. Dada Rukmini alikwenda Tuban, akakuta shangazi yake, wa mwisho aliyemkumbuka baba yake, kazikwa mwaka uliotangulia.

Baba alifariki nyumbani juzi, tarehe 9 Agosti. Ameacha mjane, kaka yangu Prasetyo, mimi Wahyuni, na wajukuu watano.

Ni desturi yetu kumwombea marehemu msamaha kwa aliowakosea. Leo asubuhi nilimwomba dada Rukmini, yule pale. Akaniuliza, "Barua aliificha yeye?"

"Hapana, mimi."

"Basi yeye nimemsamehe. Wewe subiri."

Lala salama, Baba. Mimi nasubiri.