Bibi Nyundo, Msajili wa Vizazi vya Mawe

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutusindikiza, usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 1957 watu wa mtaa wa juu walisikia mngurumo, jiwe kubwa limebiringika kutoka mlimani na kusimama uani kwa seremala, karibu kabisa na chumba alimokuwa mkewe ameshikwa na uchungu, na kabla vumbi halijatua mtoto akalia, ndiye huyu tuliyekuja kumzika leo. Seremala hakuliondoa lile jiwe, alisema limekuja kumtazama mtoto, basi liachwe limtazame, na marehemu alijifunza kusimama kwa kulishikilia.

Alianza masomo Januari 1964 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1971, na huko mwalimu wa jiografia aliwaambia kwamba matuta ya mawe ya kule juu yalisukumwa na mito ya barafu zamani sana, marehemu akanyoosha mkono akauliza zamani lini, mwalimu akajibu, "Mwanangu, zamani ni zamani, kaa chini," akakaa, lakini moyoni hakukaa, maana swali lile ndilo lililompeleka chuo kikuu mwaka 1977 na kumrudisha tena mpaka akapata shahada ya uzamivu Novemba 1986.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa ardhi, na kwa kuwa wengi tulimwona akiondoka na nyundo na patasi, akirudi na mifuko ya vipande vya mawe, tusijue vinaliwa au vinachomwa, ni vyema kazi yake ielezwe kama alivyoieleza mwenyewe jikoni huku akikoroga sufuria: kutoka mbali angani hunyesha miale isiyoonekana, nayo ikilipiga jiwe huacha ndani yake chembe adimu sana, jiwe lililofunikwa na barafu nene halipigwi, barafu ikiyeyuka na kuliacha wazi juu ya tuta linaanza kupigwa, chembe zinaongezeka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ukichonga kipande cha juu, ukakisafisha kwa tindikali na kuzipima, utajua barafu iliondoka lini. "Mimi ni msajili wa vizazi," alikuwa akisema, "ila wateja wangu hawana wazazi wa kunisumbua." Wenzake wakambandika jina Bibi Nyundo.

Viatu vyake vya mlimani vilikuwa vikiachia soli kila safari, akavipeleka kwa fundi viatu wa karibu na stesheni, fundi akavigeuza, akauliza, "Dada, wewe unatembea au unapigana na njia?" naye akajibu, "Wewe shona, vita niachie mimi," wakafunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988, wakajaliwa wana wawili, mwaka 1990 na 1993, na mwaka 2001, watu walipodhani duka limeshafungwa, akazaliwa binti, ndiye anayewasomea haya akiwa na mtoto mchanga mgongoni, na mtamwia radhi akienda mbio, maana akisimama kupumua atalia.

Sasa kuna jambo lililomkaa marehemu rohoni kuliko yote, nalo ni umri wa tuta kubwa la nje, lile la juu ya bwawa, ambalo mwaka 1996 alilitangazia umri kwa kupima jiwe moja tu, tena lililo kubwa kuliko yote, kisha tuta la ndani, ambalo barafu ililiacha nyuma baadaye, likapimwa na wengine na kuonekana la zamani zaidi, na kwa miaka mingi wenzake wakawa wanamtania mikutanoni, "Bibi Nyundo, kwako mjukuu amemzidi babu umri!" Oktoba 2015 mvua ilimkuta kule juu, akajibanza chini ya jiwe lile lile, akawasha tochi, na juu ya kichwa chake akaona vibakuli vidogo vilivyochimbwa na maji ya mvua, na maji hayatuami darini, maana yake jiwe lilishapinduka, na upande alioupima ulikuwa umefichika chini miaka mingi bila kupigwa na miale. Alirudi nyumbani amelowa chapachapa akicheka, akamwambia mumewe, "Baba, nimelipima tumbo nikidhani ni mgongo!" na wiki hiyo hiyo akawaandikia wenzake wote kwamba amekosea.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2017, Januari 2023 akagundulika na ugonjwa wa moyo, daktari akamkataza kupanda ngazi, yeye akasema mlima haukutajwa, na Septemba wanawe wakampandisha polepole mpaka kwenye tuta la nje, akachagua mawe matatu, akayakagua kila upande mpaka chini, akachonga, kisha ikawa ni kusubiri, moyo unachoka huku, vipimo vinakwenda taratibu kule kwenye maabara ya ng'ambo, nasi tukiogopa ataondoka kabla ya jibu.

Tarehe 5 Juni 2024, akiwa wodini, majibu ya mawe mawili yakamfikia kwenye simu yake, akayasoma mara mbili, akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama, akaomba chai, akainywa yote. Binti yake alikuwa amekaa pale na kichanga, hofu imemjaa, akamuuliza, "Mama, mimi huyu nitamlea vipi bila wewe?" naye akamjibu, "Utakosea, mwanangu, halafu utaona ulipokosea, utarekebisha, hakuna namna nyingine," kisha akamvuta karibu akamnong'oneza umri wa tuta. Alifariki tarehe 9 Juni, alfajiri, usingizini, akiwa na umri wa miaka 67, ameacha mume, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutufulia, na wenzake wa taasisi, hasa mkuu wa maabara, ambaye tangu juzi anamletea binti chai kila saa akitaka kujua hiyo namba. Mzee wetu, chai ni tamu, lakini marehemu alisema mawe mawili yanaweza kupatana kudanganya, tungoje la tatu, na jibu lake bado.

Pumzika kwa amani, mama, kazi umeimaliza vizuri, na mpaka jiwe la tatu liseme lenyewe, binti yako hatamwambia mtu mwingine.