Hapo Pana Mtu

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Fundi Kufuli, ubavuni mwa duka langu la ushonaji. Lina miguu minne, mitatu ndiyo inayofanya kazi, na sisi wenyeji tunajua pa kuegemea. Stempu, mstaafu wa posta, hukaa kulia. Katikati hukaa Mheshimiwa, kinyozi aliyewahi kugombea udiwani akapigiwa kura na jamaa zake, tena si wote. Mimi hujibana kati yao na sindano yangu. Kule mwisho, karibu na dirisha la Kufuli, hakai mtu. Hapo ndipo binti yake alipokuwa akifanyia kazi za shule tangu mama yake afariki, daftari magotini, na sisi tukimharibia hesabu kwa majibu yetu. Alikua hapo, akasoma, akapata kazi mji mwingine, na nafasi yake tumeiacha vilevile. Mgeni akitaka kukaa, Kufuli husema bila hata kuinua kichwa kwamba hapo pana mtu. Ukiniuliza mimi, ni upweke tu tumeupa kiti. Lakini na mimi sijawahi kukaa hapo.

Asubuhi ya kisa hiki binti alikuwa amepiga simu. Amepata nafasi ya shahada ya pili kwenye vyuo viwili, kimoja hapahapa mjini, kingine ng'ambo, na jibu linatakiwa leo kabla ya jioni. Akamuuliza baba yake anasemaje. Baba akamwambia asubiri kidogo, yeye kwanza ashauriane na wenzake wa benchini. Kwa hiyo muuza kahawa, ambaye sote tunamwita Shangazi, aliposhusha birika lake, kikao kilikuwa kimeshaanza, na Kufuli alikuwa ndani ya kibanda chake anasugua ufunguo kwa tupa huku sikio liko kwetu.

Mwenye ufunguo, dada mmoja mwenye mkoba mwekundu, alikuja kuuliza kama uko tayari.

— Bado kidogo, dada.

Dada akaona mwisho wa benchi pako wazi, akataka kukaa.

— Hapo pana mtu, alisema Kufuli.

Dada akatazama huku na huku, hakuona mtu, akabaki amesimama.

— Tuanze na idadi, alisema Stempu. Chuo hupimwa kwa idadi. Hiki cha hapa kinachukua wangapi?

— Wengi mno, alijibu Kufuli. Anasema wengine husikiliza somo wakiwa dirishani.

— Na cha ng'ambo?

— Wachache. Chumba kimoja kinawatosha na viti vinabaki.

— Basi kesi imekwisha, alisema Mheshimiwa. Wakiwa wachache, mwalimu anakujua kwa jina. Ukikohoa anakuuliza umelala wapi.

— Mbona kwako wateja ni wachache na bado unawakata masikio? nilimuuliza.

— Wewe shona.

Stempu akaomba kikombe cha pili. Akishapata cha pili, huyu bwana hana breki.

— Sikilizeni. Chuo bora ni kile kinachokataa watu wengi. Posta tulikuwa na dirisha moja ambalo halikufunguliwa hata siku moja, na kila mtu aliamini mambo makubwa yako hapo.

— Yalikuwepo?

— Lilikuwa limekwama. Lakini heshima yake ilikuwepo. Sasa nisikilizeni tena. Chuo kikipokea wachache, kinapanda. Kikipokea wachache zaidi, kinapanda zaidi. Kipo kimoja hakipokei mtu kabisa. Hicho ndicho cha kwanza duniani.

— Walimu wanamfundisha nani? aliuliza Shangazi.

— Wanafundishana.

Shangazi akacheka mpaka birika likamwagika kidogo. Kufuli hakucheka. Tupa ilikuwa ikienda na kurudi, kwaru, kwaru, mahali palepale.

— Kwani anakwenda kusomea nini hasa? aliuliza Mheshimiwa. Kila siku naambiwa, kila siku nasahau.

— Matabaka ya jamii, alisema Kufuli. Nani yuko juu, nani yuko chini, na kwa nini mtoto wa aliye chini anabaki chini. Hata hiyo kazi anayofanya sasa ni hiyohiyo. Anakusanya idadi za wanafunzi wa vyuo vikubwa, anazilinganisha, anatafuta wanaoingia ni watoto wa nani.

— Haya, si ndiyo hayo, Stempu akadakia. Matabaka utayasomea wapi kama si kule kwenye tabaka la juu? Wachache ndio wa juu. Aende awakute darasani, awaangalie viatu, arudi atuambie.

— Na sisi wa chini atatusoma nani? aliuliza Shangazi.

— Sisi tumeshasomwa. Amekaa hapa miaka yote anatusoma, hamkujua tu. Mheshimiwa ni sura nzima ya kitabu.

— Nasikia huko watoto wa wakubwa huandikishwa kabla hawajazaliwa, alisema Mheshimiwa. Mama akipata kichefuchefu tu, baba anakimbilia ofisi ya chuo.

— Kabla ya harusi, Stempu akamsahihisha. Wanaandikisha, halafu ndipo wanatafuta mchumba.

Waliendelea hivyo mpaka cha ng'ambo kikawa na lango la dhahabu na walimu wanaofundisha kwa kunong'ona. Cha hapa mjini hakikupata mtetezi. Hata mimi nilinyamaza, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nikimshonea sare yule mtoto na kumshushia pindo kila alipokua. Kila mtu alimpeleka mbali, na kila mtu aliona fahari. Mkono wa Kufuli ndio ulikuwa ukizidi kuwa mzito.

— Tumepitisha, alisema Mheshimiwa. Ng'ambo. Mpigie.

Kufuli akafuta mikono, akachukua simu. Simu yake imekufa sikio, lazima aweke spika, kwa hiyo mtaa mzima huwa unajua hata dawa anazokunywa. Alikuwa hajabonyeza bado, yule dada mwenye mkoba akasema:

— Samahani jamani, mimi mpita njia tu. Kama kazi yake huyo binti ndiyo hizo idadi za vyuo, si anazijua kuliko nyinyi nyote? Sasa amewauliza nini?

Mheshimiwa akaangalia kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu. Shangazi akatikisa birika, nalo halina kitu. Nilijichoma kidole kwa sindano, jambo ambalo sifanyi.

Kufuli akabonyeza.

— Baba, ilisema sauti ya binti, na benchi zima likainama. Mmeshauriana?

— Tumeshauriana sana.

— Baba zangu wanasemaje?

— Wanasema mengi, unawajua. Lakini hilo la chuo mimi silijui, mwanangu. Ninalolijua ni kwamba nyumba ni kubwa kwangu peke yangu. Nakukosa. Nilitaka ujue hilo kwanza.



— Baba, kila nikipiga unaniambia uko salama, huna neno. Nikajua mmeshazoea mimi kutokuwepo.

— Nani azoee? Benchi bado tunakuwekea.

Binti akacheka, kisha akalia, vyote tukavisikia.

— Nilikuwa nashindwa kwenda mbali zaidi nikidhani hakuna atakayeona nimeondoka, alisema. Sasa nitaweza. Nitakwenda kile cha mbali, baba. Ndicho nilichokitaka tangu mwanzo.

— Nenda, mwanangu.

— Utakuwa sawa?

— Sitakuwa sawa. Nenda tu, nami nitakuwa nakwambia ukweli kila ukipiga.

Simu ikakatika. Chuo alichochagua kilikuwa kilekile tulichompitishia, na hakuna aliyejisifu. Mheshimiwa alivua kofia akaivaa tena. Shangazi alikusanya vikombe polepole, akaondoka bila kumdai mtu.

Kufuli akarudi kwenye jiliwa lililoubana ufunguo wa yule dada, akaufungua na kuuinua kwenye mwanga. Meno yote yalikuwa yamekwisha. Alikuwa amesugua mpaka umebaki kibati kitupu.

— Huu nimeuharibu, dada, alisema. Itabidi nianze mwingine, na utachukua muda.

— Nitasubiri.

Kufuli akautazama mwisho wa benchi. Sote tukautazama.

— Basi kaa hapo, dada, alisema. Hapana mtu.