Salome Ngusa, Aliyewatafutia Watoto Mama Zao

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka Geita, haya ni maisha ya Salome Ngusa. Nimeyaandika mimi mama yake, Paskalina, kwa mkono wangu. Mjukuu wangu Martina anasoma kwa sababu macho yangu yamechoka. Nimemkataza kunyoosha neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 hapa hapa Mwakitolyo, mtoto wa kwanza wa marehemu Ngusa Magesa na mimi. Ulikuwa wakati wa palizi, na asubuhi ya siku ile nilikuwa shambani. Hakulia haraka. Wakunga walishaanza kutazamana ndipo akapiga kelele, na tangu hapo hakuna mtu aliyemnyamazisha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1983, akamaliza darasa la saba 1989. Alifaulu. Baba yake alisema msichana amesoma vya kutosha, na baba yake akishasema alikuwa amesema.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na Wiliam Theonest, mchimbaji, kanisani kule Ngokolo. Wakapata Athanas na Martina. Mwaka 2011 Wiliam alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo lao la kuchimbia, akitafuta dhahabu. Salome hakuolewa tena. Waliokuja kumshawishi wanajijua, na wengine mmekaa hapa.

Mwaka 2014 alipata kazi ya ulezi Geita, katika nyumba ya serikali wanakohifadhiwa watoto waliookotwa machimboni bila wazazi. Wengi wao wamevuka mpaka kutoka Burundi na Kongo. Humo wanalala, wanakula, wanatibiwa, na watu wa ustawi wa jamii wanawatafutia ndugu zao. Salome alipika, aliogesha, na mtoto akihojiwa na polisi alikaa pembeni yake. Siku ya gulio alipanda basi kwenda Buseresere, akapita kwa wanawake wa Burundi wanaouza vitenge, akiuliza nani amepotelewa na mtoto.

Miaka miwili iliyopita aliletwa Nelly, msichana wa miaka kama saba, kutoka Burundi. Alikuwa haongei. Salome akamchemshia michembe, viazi vyetu vya kukausha, akidhani hakuna mtoto duniani asiyeipenda. Nelly akatafuna, akatema, akasema neno lake la kwanza: "Mama, hizi ni kuni?" Salome alicheka mpaka akakaa chini.

Baadaye akaja mwanaume, akasema yeye ni mjomba wa Nelly. Mtoto akajificha nyuma ya Salome. Afisa akasema, "Mama Athanas, karatasi zake zimekamilika." Salome akamjibu, "Basi aondoke na karatasi." Wakaanza kumchunguza yule bwana. Hakurudi.

Ugonjwa wake ulikuwa saratani ya shingo ya kizazi, tangu Juni 2024. Alilazwa Mwanza, akarudi nyumbani, akalazwa tena. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimemshika miguu. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa hili: "Mayu, yule mtoto asiambiwe mama yake amekufa. Hatujui. Bado tunamtafuta."

Jana ustawi wa jamii wamemleta Nelly aje kuzika. Shemeji yangu Enock akasema mtoto wa serikali hanyolewi msiba pamoja na watoto wa mji huu. Nikamwambia, "Enock, mwanangu amemlea. Atanyolewa, na wembe ninao mimi."

Nelly alikuwa anasikia. Akaniuliza, "Bibi, mtu ananyolewa mama yake akifa?"

Nikasema ndiyo.

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama Salome alisema mama yangu yupo. Nikinyolewa, si nitakuwa nimemzika na yeye?"

Sijawahi kushindwa na Enock, na jana sikushindwa na Enock. Wembe nimeuweka chini kwa ajili ya Salome.

Kwa hiyo leo tukitoka makaburini watanyolewa Athanas na Martina. Nelly atabaki na nywele zake. Udongo atautupa pamoja nao, kabla ya Enock.

Marehemu ameacha mama, watoto wawili, Athanas na Martina, mjukuu mmoja, George, na wadogo zake Selestine na Sesilia. Ameacha na Nelly, ambaye si yatima mpaka tuambiwe vingine.

Gulio la Buseresere likifika, nitakwenda mimi kwa wale wauza vitenge. Wewe lala, mwanangu.