Kiambaza Kisichotiwa Gundi: Historia ya Marehemu Oriano Del Pistoia, 1948–2023

Padre, wanandugu, majirani wa mtaa wa Darsena, na ninyi mafundi mliotoka kazini moja kwa moja na vumbi la mbao bado mabegani, familia inawashukuru kwa kufika, na imemwomba Morena, binti wa Nedo, ambaye marehemu alikuwa baba yake mkubwa, awasomee historia hii taratibu, kama anavyowasomea watoto wake wa darasa la pili.

Marehemu Oriano Del Pistoia alizaliwa tarehe 9 Februari 1948 hapa Viareggio, katika nyumba ileile alimofia, akiwa mtoto wa kwanza wa Amleto, fundi wa kuziba nyufa za meli za mbao, na Zaira, mshona matanga, na baada ya miaka mitatu akafuatiwa na mdogo wake wa pekee, Nedo, aliyekaa nasi hapa mbele. Tangu utotoni Nedo alikuwa mnene na mcheshi, Oriano mwembamba na mkimya, na mama yao aliwaambia majirani kwamba mmoja alizaliwa na maneno ya wote wawili.

Alisoma shule ya msingi hapa mtaani kuanzia mwaka 1954 hadi 1959, kisha shule ya kati, na mwaka 1962 akajiunga na chuo cha sanaa cha Lucca, ambako alikwenda na kurudi kwa treni kila siku hadi alipohitimu mwezi Juni 1967. Walimu wake walisema hachori watu, anachora vyumba tu, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba watu watakuja wenyewe, vyumba vikiwa tayari.

Baada ya kulitumikia jeshi la majini kule La Spezia, tarehe 2 Machi 1970 aliajiriwa katika karakana ya boti za kifahari hapa mferejini, akaanza kwa kuchonga penseli za wakubwa, na mwaka 1981 akawa msanifu mkuu wa mpangilio wa ndani, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2013. Kwa wale ambao hawakupata kumwona mezani kwake, kazi hiyo ilikuwa kuamua kila mtu ndani ya boti atalala wapi na atapita wapi, mwenye boti akae mbele juu, palipo na mwanga, wageni walale chini katikati, mahali ambapo mawimbi hayasumbui sana, injini zikae nyuma, na mabaharia wajibane kule chini mbele, mahali chombo kinapopaa na kuanguka. Alipenda kumweleza Morena, tangu alipokuwa mdogo, kwamba boti ya kifahari ni nyumba yenye njia mbili, moja pana ya wenyewe, na nyingine nyembamba iliyofichwa nyuma ya viambaza, ambamo wahudumu hupita na vitanda vikatandikwa na chakula kikafika mezani bila mtu kuonekana, na kwamba msanifu hodari ni yule anayewafanya watu ishirini waishi chombo kimoja msimu mzima bila kugongana.

Alizifahamu tabia za watu asiowajua, nani hulala upande wa kushoto, nani huamka kabla ya mwenzake, wapi mtoto ataamka akilia na mama atatembea hatua ngapi kumfikia, lakini yeye mwenyewe hakulala hata siku moja ndani ya boti aliyoichora. Kila majira ya kuchipua, boti mpya ilipovutwa kwenda baharini na watu wakapiga makofi, alisimama peke yake ukingoni, akaitazama mpaka ikapita mnara wa taa, akarudi kwake.

Tarehe 14 Septemba 1974 alifunga ndoa na Ilva Tofanelli, mshona mito na mapazia ya boti hizohizo, ambaye aliishi naye kwa mapenzi na utani mwingi, na aliyezoea kumwambia, "Oriano, umewachorea matajiri bafu kumi na moja, letu linavuja." Mungu hakuwajalia watoto, wakawapenda wa Nedo, Duilio na Morena, kama wao. Ilva alifariki tarehe 3 Novemba 1996, na tangu hapo marehemu alibaki na kikombe kimoja na sahani moja, akiviosha na kuvianika pale pale.

Familia isingependa kuficha jambo linalofuata, kwa kuwa mtaa mzima unalijua, na kwa kuwa Nedo mwenyewe ameomba lisomwe.

Nedo alikuwa seremala katika karakana hiyohiyo, mkuu wa wale wanaotengeneza mfano. Kabla mbao za thamani hazijakatwa, vyumba vyote vya boti hujengwa kwanza kwa plaiwudi, kwa ukubwa wao wa kweli, ndani ya banda, ili mwenye boti apite aone, na desturi ya mafundi ni kwamba mmoja wao hubeba sinia la glasi zilizojaa maji na kutembea nalo kwenye ujia wa wahudumu kuanzia jikoni hadi mezani, na maji yakimwagika, kiambaza kinasogezwa. Ndiyo maana plaiwudi ya mfano hufungwa kwa skrubu pekee, gundi hutiwa kwenye kitu cha kudumu.

Mwezi Oktoba 2001 Nedo alilibeba sinia mbele ya mteja mkubwa, ujia ukiwa na upana wa sentimita hamsini na tano, kwa sababu mteja alitaka bafu la wageni liongezwe, na kwenye kona kiwiko chake kiligonga, maji yakamwagika. "Kaka, yamemwagika," alisema, "sogeza." Marehemu, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, siku ile akaona aibu mbele ya mgeni, akasema, "Ujia hauna kosa, kosa ni la maharage ya mama yaliyojaa kwenye hilo tumbo," banda zima likacheka, mteja naye akacheka, na Nedo alipotaka kusema tena akaambiwa, "Kausha sakafu, mdogo wangu, tusimcheleweshe mgeni." Kiambaza hakikusogezwa.

Mwezi Agosti 2002 Duilio, ambaye alikuwa mhudumu katika boti hiyo, alikuwa amebeba supu kwenye kona hiyohiyo bahari ikiwa imechafuka, akaungua mkono wa kulia kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Alipona, nasi tunamshukuru Mungu, lakini alama anayo. Nedo aliingia jikoni, wakati huo ndugu hawa wawili, wote wagane, wakiishi nyumba ya wazazi na kula meza moja, akasema, "Haya, kaka, sema na Duilio naye ana tumbo," na Duilio tunamjua, ni mwembamba kama ufito. Nedo akaongeza, "Wewe si bingwa wa kuchora njia za watu wasiokutana? Basi tuchoree na sisi!"

Nedo alisema kwa hasira, kama anavyosema mtu anayengoja kujibiwa. Lakini marehemu alikuwa amezoea maisha yake yote kwamba mtu akitaja anachotaka, yeye huchukua penseli. Akaichora nyumba ya wazazi wao, akampa Nedo jiko, sebule na mlango wa barabarani, akajiachia chumba cha nyuma, ngazi ya uani na ujia mwembamba wa kuvifikia, na Jumamosi Nedo aliporudi kutoka kumwona Duilio alikuta kiambaza cha plaiwudi kimesimama, kimepigwa rangi, hakina hata ufa. Mmoja aliamini ametimiza alichoagizwa, mwingine aliamini amefukuzwa, na kwa jinsi mchoro ule ulivyokuwa mzuri, humo nyumbani hawakukutana tena kwa miaka ishirini, na kazini walizungumza kwa michoro tu.

Walizeeka hivyo, kila mmoja akisikia kikohozi cha mwenzake na redio ya mwenzake. Jumapili harufu ya mchuzi wa samaki ilipenya kwenda nyuma, ambako marehemu alikula mkate na dagaa wa chumvi akiwa amekaa karibu na kiambaza, kiti chake kimeegemea hapo. Morena aliingia mlango wa mbele, akatoka, akazunguka barabara, akaingia mlango wa uani, na pande zote mbili aliulizwa swali lile lile, "Huyo mwingine anakula vizuri?" na kila alipojibu, "Si ukamuulize mwenyewe, hapo tu?" aliambiwa ale, chakula kinapoa.

Marehemu alianza kuugua moyo na mapafu mwezi Machi 2022, akificha. Asubuhi ya tarehe 12 Januari 2023 alizidiwa, akaita gari la wagonjwa mwenyewe, na vijana wa gari hilo walipomlaza kwenye machela, ikakwama kwenye kona ya ujia, mbele haiendi, nyuma hairudi. Nedo akasikia zogo, akagonga plaiwudi. "Kuna nini huko?" "Machela haipiti, mzee!" "Ngojeni," akasema, na akaja na nyundo na patasi, kwa kuwa kitu kilichosimama muda wote huo fundi yeyote angejua kimegandishwa. Alipokwangua rangi akaona vichwa vya skrubu. Akaiweka nyundo chini, akachukua bisibisi, akafungua moja, ya pili, ya tatu, na ubao ukaachia kwa wepesi mikononi mwake.

"Kaka," akasema, "hukutia gundi."

Marehemu akasogeza barakoa ya hewa. "Kilikuwa cha majaribio."

"Majaribio? Mimi nimetoka mvi!"

"Nilikuwa nangoja mtu apite na sinia."

Nedo akaupima ujia kwa macho, kama anavyopima fundi, akaona ni ule ule, sentimita hamsini na tano, ambao kaka yake alijipa mwenyewe apite humo kila siku. Alishika upande wa kichwa cha machela, wakatoka kupitia jikoni.

Marehemu aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 3 Februari, kitanda chake kikawekwa jikoni, na Nedo akambebea chakula kwenye sinia asubuhi na jioni, akimtania kwamba sasa tumbo ni lake. Duilio alikuja, marehemu akaomba kuushika ule mkono, akaushika kwa muda mrefu. Marehemu alifariki Jumatatu, tarehe 27 Machi 2023, alasiri, Nedo akiwa amegeuka kuwasha jiko.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, vijana wa gari la wagonjwa kwa subira yao, majirani walioleta supu na viti, na mafundi wa karakana, hasa wale sita walioomba kubeba jeneza na ambao jana walikuja kupima kona za nyumba, wakakuta hakuna cha kupima. Mbao za kile kiambaza ziko uani, zimeegemezwa ukutani, na Nedo hataki zichomwe wala zitumike. Nyumba sasa ni pana kuliko mtu mmoja anavyohitaji, kwa hiyo tunawaomba mpite, milango yote miwili iko wazi.

Nawe, Oriano, tembea taratibu. Pumzika kwa amani ya Mungu, njia ni pana, na hakuna kitakachomwagika.