Mama Dubu Aliaga Darasa la Manabii

Mwisho wa mwezi huu mwenzetu wa somo la manabii wa Kiebrania anastaafu, baada ya kukitumikia chuo chetu cha wachungaji kwa miaka thelathini na moja. Wanafunzi walimbandika jina la Mama Dubu, naye akalizoea hata akawa analiitikia.

Alianza kama mwalimu msaidizi wa lugha. Chumba chake, kile cha chini ya ngazi, alikijaza picha za wanyama alizokata kwenye kalenda: simba, mbweha, nzige, njiwa. Kabla hujamhubiri mnyama, alisisitiza, mtazame kwanza anavyoishi. Mwanafunzi mmoja aliandika kwenye mtihani kwamba njiwa wa Hosea ni Roho Mtakatifu. Mama Dubu akamwandikia pembeni: "Huyu njiwa ni mjinga tu. Usimpandishe cheo." Tulicheka wiki nzima.

Jina lake lilitokana na somo la dubu, pale Mungu anapowaambia watu wake kwamba atawakabili kama dubu aliyenyang'anywa watoto. Alilifundisha kwa kishindo: makucha, meno, vifua kupasuliwa. Ni picha ya hasira, alisema, basi.

Kisha mwanawe wa pekee, fundi umeme, alianguka kutoka kwenye nguzo akiwa kazini, akafariki. Msibani mchungaji mmoja alimwambia kwamba Mungu ana makusudi yake. Alimjibu kwa upole, "Baba mchungaji, niache nilie kwanza."

Aliporudi kazini, somo lililofuata kwenye ratiba lilikuwa lilelile la dubu. Mkuu wa chuo alimsihi aliruke. Akakataa. Nilikaa nyuma ya darasa, nikihofia atazidiwa. Alisoma mstari. Kisha akasema, "Miaka yote nimewafundisha makucha ya dubu huyu. Sikuwahi kuwauliza watoto wake wako wapi. Hasira hii ni ya mfiwa." Akafuta ubao, akaendelea na sarufi.

Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumwita lile jina, hadi siku alipotuuliza kwenye chumba cha walimu, "Kwani nimeacha kuwa mama?"

Wafiwa wakaanza kubisha hodi mlangoni kwake, wanafunzi kwa wafanyakazi. Hakuwa na maneno mengi ya faraja. Aliwavutia kiti, akafunga mlango, akakaa nao.

Hatuna habari njema ya kusindikizia kuondoka kwake. Mwalimu wa kushika nafasi yake hajapatikana, na muhula ujao somo lake halitafundishwa. Yeye anahamia kwa mkwewe, mjane wa mwanawe, kumsaidia kulea mjukuu aliyezaliwa baada ya msiba.

Mama, ahsante kwa kazi, na kwa kuingia darasani siku ile. Huko uendako maisha yawe mema kwako. Na siku zitakapokuwa nzito, usilie peke yako. Tuite, tutakuja.