Daktari Nahum Kitwa na Swali Lake la Asubuhi

Miaka thelathini na moja! Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Daktari Nahum Kitwa anavua koti lake jeupe na kukabidhi funguo za Kitengo cha Utafiti wa Sukari na Tezi hapa Kamina. Sisi wa maabara tuliapa kwamba hatutalia. Mimi nimevunja kiapo hata kabla ya kumaliza sentensi hii, kwa hiyo mnisamehe, tuendelee.

Ni mtoto wa mji huu, mwana wa mwalimu wa Kimetodisti na mama aliyeimba sauti ya kwanza kwa akina Mama wa Kipendano, umoja wa wanawake wa kanisa hilo. Alipoanza kazi mwaka 1994, wenzake wa shule walikuwa wakikimbilia Lubumbashi, naye akachagua chumba kimoja chenye meza inayoyumba. Walimcheka: homoni ni ugonjwa wa matajiri, huko Kamina utampima nani? Akawajibu kwa kwenda Malemba-Nkulu, ambako wanawake walifunika shingo kwa vitambaa ili kuficha rovu, uvimbe wa tezi ya shingo. Alipapasa shingo, akapima chumvi ya jikoni, akaomba kila mtu mkojo kidogo kwenye kichupa ili aone kama iodini inatosha mwilini. Watu walishangaa kweli: daktari mzima, na elimu yote hiyo, ametoka Kamina kuja kukusanya mikojo! Jina la Docta Mikojo lilimfuata miaka mingi, na akiitwa hivyo sokoni anaitika bila kugeuza uso.

Mtu huyu hajui kufurahi polepole. Jibu zuri likitoka kwenye mashine, anakimbia koridoni akituita kwa majina, na mara nyingine amewaamsha wagonjwa waliolala. Tunampenda kwa moto wake huo. Lakini kuna mwaka moto huo uliunguza, naye mwenyewe ametuagiza tusiruke habari hiyo.

Ilikuwa mwaka 2011, katika kijiji kimoja cha wavuvi upande wa Kinkondja. Tulitangaza kwamba kila anayetaka kupimwa sukari aje asubuhi bila kula. Walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Tukatoboa vidole, tukasoma kipimo, na mawee! Sukari juu, sukari juu, sukari juu. Docta alipagawa. Utafiti wa maisha yake ulikuwa umemwangukia mikononi! Bila kusubiri kipimo cha pili, akaanza kuita majina kwa sauti: wenye sukari wasimame upande huu. Wakasimama mbele ya jirani zao, na mmoja wao alikuwa Cathy, binti aliyebakiza majuma machache afunge ndoa na Béni.

Tulirudi Kamina tukiimba. Wenzetu wa Lubumbashi walipiga simu wakipongeza. Kisha akafika Baba Élisha, mjomba wake Cathy, vumbi hadi kwenye nyusi, akakataa kiti. Alisema upande wa Béni umesikia kwamba binti ana sukari, hatazaa, atakuwa mzigo, na ndugu wameshaitana kuvunja maneno. "Bale bantu banakatala mutoto wetu. Ndoa inakufa, docteur."

Siku hiyohiyo tulipanda pikipiki, mimi nyuma nikikumbatia sanduku la vipimo.

Tulipofika, kabla hatujamaliza salamu, Mama Léa, mke wa chifu, alituwekea vikombe vya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kipya na kitamu. Ndiyo desturi: aliyetoka njiani haongei na koo kavu. Mimi nilikata kiu. Docta alifika nusu ya kikombe, akakomea hapo. Akakitazama. Akamuuliza mama yule kama siku ya vipimo pia aliwapa watu munkoyo kabla ya kutobolewa. Mama Léa alikasirika hasa. Watu wameamka alfajiri, wamekaa mbele ya nyumba yake na njaa kwa amri ya serikali ya vipimo, halafu yeye awaache wakauke kama samaki wa kuanikwa? "Docteur, mulikataza chakula. Munkoyo iko chakula?"

Kumbe! Kijiji kizima kilikuwa kimetii. Hakuna aliyekula hata tonge la bukari, ugali wetu. Walikunywa tu, kwa heshima, na timu nzima ya utafiti ilikunywa pamoja nao bila hata mmoja wetu kushtuka.

Kesho yake alikusanya watu palepale alipowaitia majina. Akajitoboa kidole akiwa hajatia kitu mdomoni: sukari sawa. Akanywa vikombe viwili, akasubiri, akajitoboa tena: juu! Kicheko kilichopigwa pale nadhani kilisikika hadi ziwani. Kisha Cathy, kwa hiari yake, akanyoosha kidole kikavu cha asubuhi, naye hajanywa kitu, na jibu likatoka safi. Alikaa chini akalia, na shangazi zake wakapiga vigelegele.

Docta hakuishia hapo. Alisema jina lililotajwa hadharani halisafishwi kwa kunong'ona. Kwa ruhusa ya Cathy alikwenda naye hadi kwa wazazi wa Béni, akaketi kwenye mkeka, akaomba msamaha kama mkwe aliyekosea. Mama yake Béni alisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha kidole chake na kuamuru apimwe yeye kwanza. Ukoo wote ukapanga foleni! Harusi ilifanyika, na Docta alicheza hadi kiatu kikafunguka soli.

Kuanzia hapo kila anayeingia kitengoni huulizwa, kabla ya jina la baba, umekunywa nini tangu kuamka. Lubumbashi walicheka kidogo, kisha wakaliweka swali hilo kwenye karatasi zao. Na tulipochuja majibu ya munkoyo tukawaona wagonjwa wa kweli: wachache, wembamba, wengi vijana, watu ambao hakuna aliyewadhania kuwa na sukari. Wengine walikuwa wamepelekwa kwenye maombi hadi wakakaribia kufa. Leo wana insulini, wanaihifadhi ndani ya vyungu vyenye maji vinavyoipoza pasipo umeme, na wanalima, wanafundisha, wanagombana na wake zao kama watu wazima wengine.

Mwezi Julai mwaka huu tulipima wafanyakazi wote. Kidole cha Docta kikasoma juu. Alibishana, jamani! Kwanza kipimo ni kibovu. Kisha ni chai. Kisha ni mimi, Lise, sijui kutoboa. Tukarudia asubuhi nyingine, tukarudia tena, na mara zote hakuwa amekunywa hata maji. Ni sukari, ya kweli. Akanituma niandike haya humu, bila kuficha, mbele yenu nyote. Alisema aliwahi kuwasimamisha watu upande mmoja mbele ya jirani zao, basi safari hii jina linaloitwa liwe lake.

Nimeliita, Docta. Na sisi sote tunasimama upande huo pamoja nawe.

Cathy yuleyule, ambaye leo tunamwita Mama Cathy, ametuma munkoyo wa sherehe, mtungi mzima. Wengine watakunywa, wewe utanusa. Aksanti kwa shingo ulizopapasa, kwa vumbi ulilokula barabarani, na kwa kutufundisha kurudi pale tulipokosea. Pumzika, lima mihogo yako, Mungu akupe miaka mingi na miguu mizima ya kuchezea harusi za wajukuu.

Ila Jumatatu asubuhi uje kitengoni, kama mshiriki wa utafiti safari hii. Uje bila kula. Nitakuwa mlangoni, na kabla hujaketi nitakuuliza: umekunywa nini tangu kuamka?

Lise Mputu, kwa niaba ya wenzake wa maabara