Pampu Iliyokaa Siku Nne Mezani

Ingieni mkae, na simu zenu zileteni hapa chini ya mto wangu. Wewe mkubwa, kaa kiti cha dirishani. Wewe binti, baki na kiti chako huko huko mlangoni ulikokimbilia, maana naona hata hewa ya chumba hiki hamtaki kuchangia. Leo naongea mimi. Nikikohoa mningoje, nikinyamaza mningoje, na atakayenikatiza atoke na asirudi hata kunizika.

Daktari ameniambia nisikasirike. Nisikasirike vipi? Siku nne kreni ya gati la pili imesimama, meli ya ngano ilielea huko nje ikingoja zamu, makuli wamekaa langoni mwa bandari mikono mapajani, mwoka mikate wa mtaa huu amezima tanuri, na pampu ya kreni hiyo, kitu kinachoenea kwenye boksi la viatu, ilishashuka na ndege siku ya kwanza ikakaa mezani kwako, mkubwa, pale uwanja wa ndege, wewe ukinywea chai pembeni yake! Na haya sikuyasikia kwenu. Nimeyasikia kwa nyapara wa makuli, aliyekuja kunijulia hali, akaniomba radhi kwamba hakuweza kuniletea hata chungwa. Ananiomba radhi mimi, na aliyemkosesha kibarua ni mwanangu wa kumzaa!

Jibu lako nalijua. Binti alimtuma mlinzi na karatasi ya kutolea mzigo, ukaikataa, ukasema ni kanuni ya mama: karatasi ya ofisi ya bandarini isigongwe muhuri uwanjani mpaka ndugu ailete kwa mkono wake mwenyewe. Kweli, kanuni ni yangu. Basi leo mjue niliiweka kwa nini. Alipokufa baba yenu mlishikana mashati juu ya ofisi yetu ya kutolea mizigo kabla ya matanga kwisha, nami nikaogopa, nikampa kila mmoja lango lake, huyu uwanja wa ndege, huyu bandari, na muhuri wake. Nikaona mnapotezana. Nikatunga kanuni ile ili kila siku mmoja wenu amwone mwenzake usoni, amuulize kaamkaje, amuulize watoto hawajambo. Nilitaka msalimiane, basi! Mkaifanya fimbo ya kupigania.

Na wewe binti usicheke kimoyomoyo huko mlangoni. Kutoka bandarini hadi uwanjani ni robo saa. Ulivunjika mguu? Ulikaa ukamwachia ajiharibie jina, hadi nahodha akachoka, meli ikang'oa nanga ikaenda kushusha bandari nyingine.

Mimi niliingia bandarini na sindano ya kushonea magunia. Tulikuwa wanawake sita kwenye ghala la tatu, gunia likipasuka tunalishona mbio, vumbi la unga hadi kwenye kope, na nilijifunza kusoma kwa kufuatisha maandishi ya magunia yale yale. Ofisi mnayoigombania ilitoka huko. Leo wewe mkubwa umefunga tai, unaiita bandari vumbi. Mafuta ya hizo ndege zako yameshushwa wapi kama si bandarini kwa mdogo wako? Na wewe binti unayesema uwanjani ni vifurushi vya wenye haraka, kreni yako ilipokufa ulitazama wapi kama si juu? Samaki wa mji huu hupanda ndege ndani ya maboksi yaliyokuja kwa meli. Watu wanakula kwa sababu malango yale mawili yanapokezana kazi, nanyi mkayanunisha yote mawili kwa sababu ya salamu!

Sasa shikeni haya. Kanuni ile nimeifuta. Ofisi haigawanywi, na mihuri yote miwili itakaa droo moja pamoja na sindano yangu. Kuanzia Jumatatu, mkubwa utakwenda kula vumbi bandarini, na binti utakaa uwanjani, mwaka mzima. Kabla ya hapo mtakwenda langoni mwa bandari, wote wawili, mkamwombe radhi nyapara mbele ya watu wake. Nyumba hii uzeni au mkae, mimi... maji. Hapana, acha. Acha tu.

Siwaoni vizuri. Lakini viti hivi hukwaruza sakafu, na masikio bado ninayo. Sogeeni hapa kitandani, mmoja huku, mmoja huku, mnipe mikono. Mungu awape... Mungu awa...

Ngoja. Nimesikia kiti kimoja. Cha mlangoni. Asante, binti yangu, mbona mkono wa baridi hivi.

Baraka niliyo nayo ni moja, na sigawanyi tena kitu katika nyumba hii. Mkubwa. Mwanangu. Pumzi zenyewe... si nyingi. Sogeza kiti.